Mchanga Ulikwenda Wapi

Harufu ya mtambo wa majitaka ina adabu yake: inakupiga mara moja pale getini, kisha inakuacha uendelee na shughuli zako. Inspekta aliisubiri impige, akafuta miwani, akaingia. Kituoni kwake walimwita Mama Pole, kwa kuwa katika miaka yake yote ya upelelezi hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa waliostahili kupandishiwa. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha zake. Jua lilikuwa la wastani, viatu havikumbana, na kesi aliyopewa haikuwa na maiti.

Ilikuwa na pampu. Mbili zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, ya tatu ilikuwa inakohoa, na fundi wa pampu hizo alikuwa amesimamishwa kazi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta," alisema meneja wa mtambo, akimsogezea kiti. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye haraka ya kumaliza kila jambo kabla halijaanza. Juu ya meza yake alikuwa ametandika gazeti, na juu ya gazeti amelaza kipande cha chuma chenye umbo la ua. "Hii ndiyo impela, panga la ndani ya pampu. Inazunguka, inayasukuma maji kutoka kisimani hadi mabwawani. Ilikuja nene kama kidole gumba changu. Itazame sasa."

Inspekta aliinyanyua. Kingo zake zilikuwa zimelika hadi kubaki nyembamba kama kifuniko cha kopo.

"Impela halisi hukaa mwaka mzima na zaidi," meneja aliendelea. "Hizi hazikufika popote. Na aliyezifunga ni fundi, peke yake. Maana yake nini? Ameuza zile halisi, akatufungia za bandia."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anaapa hakuuza. Nikamwambia, haya, kama ni halisi, mbona zinalika? Akanyamaza. Mtu asiye na hatia ananyamaza?"

"Wengine wananyamaza kwa sababu wana jibu," alisema Inspekta.

Meneja hakulielewa hilo, akalipita. Alasiri hiyo kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa. Ripoti ya Inspekta ikisema fundi ni mwizi, fundi angefukuzwa kazi na kupelekwa mahakamani, na meneja alisema mwenyewe kwamba jambo hilo linamuuma. Harusi ya kijana huyo alihudhuria. Mtoto wao bado ananyonya.

"Basi tusimfunge kabla ya chai," alisema Inspekta. "Nipatie tupa ya kunolea."

Tupa ililetwa kutoka stoo. Inspekta aliikaza impela mezani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaisugua sehemu iliyokuwa bado nene. Tupa iliteleza, ikapiga kelele ya kuudhi, haikuacha hata mkwaruzo. Akaisugua tena kwa nguvu zaidi. Ikateleza tena.

"Chuma cha bandia ni laini, tupa inakiuma kama sabuni," alisema. "Hiki kimekataa. Twende ukanionyeshe marehemu."

Pampu zilizokufa zilikuwa zimelazwa nje ya chumba cha pampu, zimefunuliwa. Inspekta alichuchumaa. Alitazama ganda la pampu kwa ndani, akapitisha kidole. Lilikuwa limechimbika mifereji. Akalitazama bomba lililokuwa likitoka humo. Kwenye kiwiko chake, pale bomba linapopinda, palikuwa na kiraka cha kuchomelea, na pembeni ya kiraka tundu jipya.

"Ganda hili nalo aliliuza?"

"Aa, hapana. Hilo ni la tangu pampu inanunuliwa."

"Na kiwiko?"

"Hicho kilitoboka, tukakiziba, kikatoboka tena."

"Kwa hiyo impela imeliwa, ganda limeliwa, kiwiko kimeliwa, na vyote ni halisi." Inspekta alijiinua taratibu, magoti yakalalamika. Akamwonyesha meneja kidole chake. Kwenye ncha yake palikuwa na punje za mchanga, nyeusi, zenye makali. "Mwizi wako hana mikono, meneja. Ana meno."

Meneja alikitazama kidole, akaitazama pampu. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na haraka.

Fundi alikuwa ameambiwa afike, lakini asiguse kitu. Alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya chumba cha pampu, kofia magotini, akiisikiliza pampu ya tatu kupitia ukutani kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Kijana mrefu, mkimya, kucha zenye grisi isiyotoka. Inspekta aliketi kando yake, akamuuliza habari za mtoto kwanza, kisha habari za pampu.

Kwenye pampu fundi alifunguka. Alieleza kwamba majitaka yenyewe hayana ubaya, hata mazito. Pampu inayala tu. Mchanga ndio adui. Unazunguka humo ndani kwa kasi na kusugua kila kitu, na hakuna chuma kinachoushinda. Ndiyo maana mchanga unatakiwa unaswe kabla maji hayajafika kwenye kisima cha pampu.

"Unanaswa wapi?"

"Kwenye chemba ya mchanga, pale mbele. Ni mfereji mpana. Maji yakifika pale yanapoa mwendo, mchanga unatua chini, maji yanaendelea."

"Na mchanga huu uliokula pampu zako ulipitaje?"

Fundi akaangalia kofia yake.

"Umejipitisha wenyewe?"

Inspekta hakumharakisha. Alikuwa amewahi kukaa na majambazi sugu wakashindwa wao kuvumilia ukimya wake. Lakini huyu aliuvumilia, jasho likimtoka. Kisha, ghafla, akasimama wima, akashuka kwenye njia ya zege akasimama majanini, macho chini.

Aliyekuwa akipita ni mama wa makamo, ndoo mkononi, mpira wa maji umezungushwa begani, buti za mpira zinazong'aa kuliko viatu vya meneja. Alikuwa msimamizi wa usafi, na mtambo mzima ulimwita Bi Mng'aro. Alipomwona Inspekta alitua ndoo.

"Wewe ndiye mpelelezi? Nisikilize basi. Mkwe wangu si mwizi. Huyu akiokota kifungo barabarani, anazunguka kumtafuta mwenye shati! Nilimpa binti yangu nikijua ninampa nani. Mkimfunga huyu mtanifunga na mimi, na huko ndani mtajuta, maana nitawasafisha wote."

"Nimekusikia, mama," alisema Inspekta, akijizuia kucheka.

Bi Mng'aro akabeba ndoo yake, akaenda zake kwa hatua za ushindi. Fundi alisubiri mpaka amepotea kabisa kwenye kona, ndipo aliporudi kuketi.

"Mama mkwe," alieleza.

"Nimeona," alisema Inspekta.

Ushahidi wa kwanza ulimpeleka kwenye malori. Magari ya kunyonya majitaka yalikuwa yamepanga foleni mbele ya mfereji wa kupokelea, na kila mtu aliyeulizwa kuhusu mchanga alitaja dereva mmoja tu. Alikuwa anaitwa Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiikanyaga. Yeye ndiye aliyekuwa akinyonya mashimo ya sehemu za kuoshea magari na ya majengo yanayojengwa.

"Mimi nanyonya ninachokikuta," alijitetea Breki, akishuka garini. "Nikikuta mchanga nifanyeje? Niuambie samahani, gari hii ni ya majitaka peke yake?"

"Unajua unaua pampu?"

"Mimi? Mimi hata kuku sijawahi kuchinja, mama."

Inspekta alimwomba afungue bomba lake kidogo, akakinga chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kisha akatembea hadi mwisho wa chemba, pale maji yanapovuka ukingo kwenda kwenye kisima cha pampu, akakinga chupa ya pili. Akazipanga zote mbili kwenye ngazi, akaomba chai, akaketi kuzitazama zikitulia. Breki naye akaketi. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Chai ilipokuwa imefika nusu, chupa ya kwanza ilikuwa na mchanga wa vidole vinne chini yake. Chupa ya pili ilikuwa na utando mwembamba tu, kama vumbi juu ya redio.

"Haya, nimekwisha," alisema Breki.

"Umepona. Unauleta mchanga, ndiyo, mwingi kweli. Lakini chemba inaunasa. Ilijengwa kwa ajili ya watu kama wewe. Nenda, na ukanyage breki pale getini, kuna watu."

Breki aliondoka akipiga honi kwa furaha. Inspekta alibaki na chai yake na swali jipya, na hakuna kitu alichokipenda maishani kama chai na swali jipya kwa pamoja. Chemba ilikuwa inaunasa mchanga wote. Vidole vinne katika kila chupa, malori kutwa nzima. Kufikia sasa pangepaswa kuwa na kilima mahali fulani. Kilima hicho kilikuwa wapi?

Akamwita meneja, wakazunguka pamoja.

Nyuma ya chemba kulikuwa na uwanja wa zege uliojengwa kwa ajili ya kukaushia mchanga. Magugu yalikuwa yamefika magotini, na vipepeo wawili walikuwa wamejipatia makazi. Toroli liliegemea ukuta, gurudumu halina upepo, mmea wa kutambaa umeshalifunga mguu. Koleo lilikuwa na utando wa buibui kwenye mpini.

"Wanaoutoa mchanga ni kina nani?"

"Walikuwepo vijana wawili," alisema meneja. "Walihamishiwa kwenye mabwawa. Bi Mng'aro aliniomba wengine, na toroli jingine. Sikuwa nao. Nikamwambia atumie ubunifu. Na ameutumia kwelikweli! Njoo uone."

Chemba zilikuwa mbili, sambamba. Moja ikifanya kazi, nyingine hufungwa ili isafishwe. Ile iliyofungwa ilikuwa tupu, na sakafu yake ilikuwa inang'aa. Si kusafishika tu, kung'aa. Ungeweza kulia chakula humo, kama una moyo.

"Wageni wanapiga picha hapa," alisema meneja kwa fahari. "Mtambo gani mwingine una chemba ya namna hii?"

"Hakuna," alikubali Inspekta. "Mchanga wake unakwenda wapi?"

"Unasafishwa."

"Ukishasafishwa, unakwenda wapi?"

Meneja akatazama uwanja wa magugu, akatazama sakafu inayong'aa, na uso wake ukaanza kubadilika rangi.

Inspekta alikuwa ameshalipata jibu, na lilimfurahisha na kumhuzunisha kwa pamoja. Marehemu mume wake alikula mboga zilizozidi chumvi kwa miaka, kila mama yake Inspekta alipokuja kuwapikia, na alikuwa akisema tamu sana, mama, macho yakimtoka. Sasa huku kijana alikuwa anakaribia kula kifungo.

Angeweza kurudi ofisini na kuandika. Ripoti ingemwokoa fundi, na ingemchoma mama wa watu kama kisu cha mgongoni. Akaamua vingine. Akamwendea Bi Mng'aro.

"Mama, nimeziona chemba zako. Sijawahi kuona usafi huo. Unaweza kunionyesha unavyofanya?"

Uso wa Bi Mng'aro ulifunguka kama dirisha. "Kwani sasa hivi zamu ya hii nyingine imefika! Sogea, usirukiwe."

Alifanya kazi kwa ustadi uliopendeza macho. Aligeuza lango, maji ya malori yakahamia kwenye chemba safi. Akasubiri ile nyingine itulie. Chini yake mchanga ulikuwa umelala mzito, mweusi. Kisha akainama, akashika mnyororo ulioning'inia ukutani, akavuta. Kwenye sakafu ya chemba kizibo kikubwa kikachomoka, maji yakaanza kuzama shimoni yakizunguka. Bi Mng'aro akafungua mpira wake na kuupiga mchanga. Ukateleza wote kuelekea shimoni, utepe baada ya utepe.

"Kizibo hiki alikiweka nani, mama?"

"Kipo siku zote. Wanasema ni cha kutolea maji wakitaka kutengeneza ukuta. Nikajiuliza, kama maji yanapita, mchanga utashindwaje? Vijana walikuwa wanashinda na toroli kutwa, wamechafua njia yote. Mimi mpira tu, umekwisha!"

"Na shimo linakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini, mwanangu. Si kila kitu lazima kiwe na anwani."

Meneja, nyuma ya Inspekta, alitoa sauti ndogo kooni. Inspekta akamkanyaga kiatu bila kugeuka.

Ndipo pampu ya tatu ilipobadilisha sauti. Kule kwenye chumba chake ilikuwa ikikohoa tu. Sasa ilianza kusaga, mlio wa mawe kwenye kinu. Bi Mng'aro hakuusikia, mpira wake ulikuwa unavuma. Mwingine aliusikia. Fundi alitokea kwenye kona akikimbia, kofia imemdondoka, akafika hatua chache kutoka ukingo wa chemba. Akasimama hapo kama aliyegonga kioo.

Akamwona mama mkwe wake. Akamwona Inspekta. Macho yakaenda chini.

Mlio ulizidi. Inspekta alimtazama kijana, hakusema neno. Jambo hili hakuna mwingine angeweza kulisema badala yake, na alasiri ilikuwa inakuja. Midomo ya fundi ilicheza. Mikono ilifunguka, ikafumba. Pampu ikapiga ukelele mwembamba, wa chuma kinachokwisha, na ukelele huo ulimtoa kijana sauti ambayo hata yeye hakujua kama anayo.

"Mama! Funga kizibo!"

Mpira ulimponyoka Bi Mng'aro mkononi. Tangu siku ya mahari hakuwahi kumsikia mkwewe akisema zaidi ya shikamoo na ahsante. Alimtazama, mdomo wazi, maji yakimlowesha buti.

"Funga, mama! Mchanga wote unaingia kwenye pampu! Funga!"

Bi Mng'aro akafunga. Aliushusha mnyororo kwa mikono miwili, kizibo kikaketi, na baada ya muda mlio ukapungua, ukarudi kuwa kikohozi. Fundi alikuwa anahema. Kisha akatambua alichokifanya, akapiga magoti palepale kwenye maji.

"Nisamehe, mama."

Bi Mng'aro alitazama shimo. Alitazama paa la chumba cha pampu, na ardhi iliyo kati ya shimo na paa, akiupima kwa macho mwendo wa mchanga wake. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alipofika mwisho wa hesabu hiyo alikaa juu ya ukingo.

"Zile mbili zilizokufa," alisema. "Ni mimi?"

Fundi aliuvuta mpira uliokuwa ukimwaga maji.

"Na wewe ulijua."

"Nilikuona siku moja, mama. Nikaufunga mnyororo kwa waya."

"Kumbe ni wewe? Nilidhani uchafu! Nikaukata." Akashika kichwa. "Ukashindwa kumtuma mke wako?"

"Nilimtuma. Alisema niseme mwenyewe, kwamba yeye hawezi kumwambia mama yake hajui kusafisha."

Hapo Inspekta alilazimika kugeuka na kuyatazama mabwawa kwa muda.

"Kwa hiyo ungekwenda jela," alisema Bi Mng'aro polepole. "Ungekwenda jela, mjukuu wangu akue akiambiwa baba yake mwizi, binti yangu awe mjane wa mtu aliye hai. Ili tu mimi nisiambiwe nimekosea. Hiyo ni adabu gani, baba? Nani alikufundisha?"

"Ningesemaje, mama?"

"Kama ulivyosema sasa hivi!"

Meneja alikohoa. Alikuwa amekunja na kukunjua leso yake mpaka imechakaa. "Bi Mng'aro, kosa ni langu pia. Toroli uliliomba. Mimi ndiye niliyesema ubunifu."

"Wewe zamu yako inakuja, ngoja." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasimama, akamshika mkwewe kiwiko na kumwinua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamgeuza amwelekee meneja. "Kamati inakaa leo. Watataka kusikia kwa mdomo wake, si kwa mdomo wangu. Wakinisikia mimi watasema namkinga. Mkwe wangu. Mweleze meneja nani ameua pampu."

"Mama, Inspekta ataandika..."

"Inspekta hakulala nyumba moja na jambo hili. Sema wewe."

Fundi alimtazama Inspekta akiomba msaada. Mama Pole alitikisa kichwa, taratibu, akitabasamu.

"Ni..." Fundi alimeza. "Ni bahati mbaya."

"Hakuna mtu hapa anaitwa Bahati Mbaya. Nani?"

"Ni mama mkwe wangu," alisema fundi, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Kwa nguvu. Mashine zinapiga kelele."

"Ni mama mkwe wangu!" Malori mawili yalizima injini, madereva wakachungulia. "Yeye ndiye anayeumwaga mchanga! Nimejua muda wote, na nilimwogopa!"

Bi Mng'aro alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Machozi yalikuwa yanamshuka, na alikuwa anacheka.

"Umesikia, meneja?" alisema. "Haya, mrudishe kazini."